Albert Howard, mtaalamu aliyejifunza kwa wakulima wa India kugeuza magugu kuwa mbolea

MKULIMA akimaliza palizi, mara nyingi magugu aliyong'oa huyarundika mpakani mwa shamba, na yakishakauka huyatia kiberiti. Msimu ukifika, mkulima huyo huyo anakwenda dukani kutafuta mbolea, na akikuta bei imepanda anarudi nyumbani na nusu ya alichokikusudia.

Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupinga desturi hiyo ni Sir Albert Howard, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza ambaye alifanya kazi nchini India kwa miaka 26, kuanzia 1905 hadi 1931. Njia yake ya kutengeneza mboji, inayojulikana kama Njia ya Indore, ndiyo chanzo cha mashimo na marundo mengi ya mboji ambayo mabwana shamba wamekuwa wakiyafundisha vijijini, ingawa wengi wanaoyachimba hawajapata kusikia jina lake.

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 katika mji mdogo wa Bishop's Castle, jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima, kwa hiyo jembe na zizi havikuwa vitu vigeni kwake. Alisoma sayansi London, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alifaulu kwa daraja la kwanza na kuongeza stashahada ya kilimo.

Mwaka 1899 alipelekwa visiwa vya West Indies, akiwa na makao Barbados, kuchunguza ukungu unaoshambulia miwa na kakao. Kazi hiyo ilimpa sifa, lakini ilimkera. Alikuwa akipokea majani yenye ugonjwa, anayatazama kwa hadubini, kisha anaandika ushauri kwa wenye mashamba. Yeye mwenyewe hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kujaribia ushauri huo kabla ya kuutoa. Ni sawa na mtu anayefundisha kuogelea akiwa amekaa ufukweni. Malalamiko hayo aliyarudia hadi uzeeni, na ndiyo yaliyomfanya adai shamba kila alipopewa kazi mpya.

Baada ya miaka michache katika chuo cha kilimo cha Wye, Kent, aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya India mwaka 1905, katika kituo kipya cha utafiti cha Pusa, jimbo la Bihar. Mwaka huo huo alimwoa Gabrielle Matthaei, mwanasayansi wa mimea aliyesoma Cambridge kama yeye. Bibi huyu hakuwa mke wa kukaa nyumbani akisubiri barua. Alifanya utafiti bega kwa bega na mumewe, na baadaye serikali ikampa cheo chake mwenyewe. Wawili hao ndio waliotoa mbegu za ngano za Pusa, zilizoenea katika sehemu nyingi za India.

Huko Pusa, Howard alipata alichokitaka: ekari 75 za kulima atakavyo. Jambo la kwanza aliloliona halikuwa kwenye shamba lake bali kwa majirani. Wakulima wa vijiji vinavyozunguka kituo hawakuwa na dawa yoyote ya wadudu, wala mbolea ya dukani, lakini mazao yao yalikuwa na afya nzuri. Mtaalamu mwingine angeandika ripoti akisema ni bahati. Howard aliamua kuwafanya wakulima hao walimu wake. Akatazama wanavyopanda kunde na nafaka pamoja, wanavyobadilisha mazao, na wanavyorudisha shambani kila kinachooza. Baada ya takriban miaka mitano aliamini kuwa ameujua ufundi wa kukuza mazao yenye afya bila kutegemea dawa.

Alikuwa pia na maksai wake wa kazi, ambao aliwalisha vizuri kutoka shamba hilo hilo. Aliandika kwamba wanyama hao walikuwa wakigusana pua na ng'ombe wa jirani wenye ugonjwa wa miguu na midomo, kukiwa na ua tu katikati, na hawakuambukizwa. Habari hiyo imesimuliwa sana na wafuasi wake. Mfugaji wa leo asiichukue kama kibali cha kuacha chanjo, kwa kuwa haikuwa jaribio lenye ulinganisho, ila maelezo ya mtu mmoja kuhusu mifugo yake.

Kilichomsumbua Pusa ni kwamba sayansi ilikuwa imegawanywa vyumba vyumba. Wa mimea hakuruhusiwa kugusa ya udongo, wa udongo hakugusa ya wadudu, na shamba la mkulima ni kitu kimoja. Howard akatafuta fedha kwingine. Mwaka 1924 alihamia Indore, katikati ya India, akaongoza Taasisi ya Mimea iliyopata sehemu ya fedha zake kutoka kwa kamati ya zao la pamba, kwenye ardhi ya ekari 300 iliyotolewa na dola ya Holkar. Alibaki hapo hadi 1931.

Udongo wa Indore ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Wakulima wa pale walikuwa na tatizo ambalo mkulima wa pamba wa Shinyanga au Simiyu atalitambua mara moja. Kuni zilikuwa haba, hivyo kinyesi cha ng'ombe kilikaushwa na kutiwa jikoni. Mabua ya pamba nayo yalichomwa. Kilichobaki kwa ajili ya shamba kilikuwa kidogo mno, na mashamba yalikuwa na njaa.

Wakati huo huo, kila msimu wa mvua magugu yaliota kwa wingi kushinda hata zao lenyewe. Hapo ndipo fikra ya Howard ilipogeuka. Magugu yale yalikuwa yamekula chakula kile kile ambacho pamba ilikihitaji. Mkulima akiyachoma, sehemu kubwa ya chakula hicho, hasa naitrojeni, inapaa na moshi. Akiyafukia mabichi, yanaoza ardhini na kwa muda yanagombania naitrojeni na mmea uliopandwa. Kilichotakiwa ni mahali pa kuyaozesha kwanza, nje ya shamba, kwa utaratibu. Howard alikuwa amesoma kitabu cha mwaka 1911 cha Mmarekani F. H. King, kinachoeleza jinsi wakulima wa China walivyolima ardhi ile ile kwa karne nyingi kwa kurudisha kila takataka shambani. Akaichukua busara hiyo ya Mashariki, akaipimia kwa kipimajoto na mizani akisaidiwa na mkemia Mhindi, Yeshwant Wad.

Njia waliyoifikia ni rahisi kuieleza, lakini kila hatua ina sababu yake. Magugu yalikusanywa na kuachwa yanyauke kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu yakirundikwa mabichi yanabanana, hewa inakosekana na harufu mbaya inaanza. Mabua magumu ya pamba na mbaazi yalitandazwa kwenye barabara za shamba, magari ya ng'ombe yakapita juu yake hadi yakavunjika. Hiyo ilikuwa mashine ya kusaga isiyohitaji mafuta. Kisha mchanganyiko huo ulitandikwa zizini, wanyama wakalala juu yake na kuukojolea. Sakafu ya zizi ilikuwa ya udongo, na kila baada ya miezi mitatu au minne udongo huo uliolowa mkojo ulichimbwa na kuwekwa mwingine. Howard aliuthamini mkojo wa ng'ombe kuliko watu wengi wanavyofanya, na hapo alikuwa na haki, kwani ndimo iliko sehemu kubwa ya naitrojeni na potasi inayotoka kwa mnyama.

Mashimo yake yalikuwa na urefu wa futi 30, upana wa futi 14 na kina cha futi 2 hadi 3. Hayakuwa marefu kwenda chini kwa sababu hewa haifiki. Ndani yake yaliwekwa matabaka: inchi 6 za mabaki ya mimea yaliyochanganywa vizuri, inchi 2 za samadi, kisha udongo wa zizini na majivu vikinyunyizwa juu, halafu maji. Kwa ujazo, mimea ilikuwa takriban mara tatu ya samadi. Matundu ya hewa yalitobolewa kwa mtaimbo kutoka juu hadi chini. Sehemu ya shimo iliachwa wazi ili kupata nafasi ya kugeuzia. Mvua za masika zilipoanza, kazi ilihamia juu ya ardhi, kwani shimo lililojaa maji haliozeshi kitu vizuri.

Rundo hilo lilipata joto haraka, likafika takriban nyuzi 65 za sentigredi. Kwa mtu anayetumia magugu, joto hilo ndilo kiini cha kazi yote. Ndilo linaloua mbegu za magugu na mabuu ya nzi. Kwa kuwa pembeni na juu hakuna joto la kutosha, rundo lilipaswa kugeuzwa, cha nje kiende ndani. Howard aligeuza baada ya wiki mbili hadi tatu, akarudia wiki ya tano, na baada ya miezi mitatu mboji ilikuwa tayari. Mkulima anayetupa magugu yenye mbegu kwenye shimo, akasahau kugeuza, kisha akasambaza shambani, amejipandia magugu kwa mikono yake mwenyewe. Wengi walioikataa mboji walianzia hapo.

Kuna magugu yanayohitaji tahadhari zaidi. Ndago na sangari hayazaliani kwa mbegu tu. Yana vinundu na mashina ya chini ya ardhi ambayo kipande kidogo kinatosha kuanzisha upya. Hayo hukaushwa juani hadi yafe kabisa kabla ya kuingia shimoni. Gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, linawasha ngozi na kusumbua kifua, hivyo hung'olewa kwa glovu kabla halijatoa maua. Likishachanua, halifai kubebwa kutoka shamba moja hadi jingine kwa kisingizio cha mboji.

Mwaka 1930, kazi ya Indore ikiwa inakaribia kukamilika, Gabrielle alifariki. Howard alistaafu mwaka uliofuata. Kitabu alichoandika na Wad kuhusu matumizi ya mabaki ya kilimo kilitoka mwaka huo huo wa 1931, na kurasa zake zikaanza kusafiri kwenda kwenye mashamba ya chai, miwa, mpunga na kahawa katika nchi nyingi. Mwaka 1931 alimwoa Louise, mdogo wa Gabrielle. Mwaka 1934 alipewa cheo cha Sir.

Mahali ambapo njia yake ilikutana na gugu vamizi hasa ni Bengal. Gugu maji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini wenye maua mazuri ya zambarau, lilikuwa limeingia huko mwishoni mwa karne ya 19 na kufikia miaka ya 1920 lilikuwa limefunga mito, mifereji na mashamba ya mpunga. Mashua zilikwama, samaki walipungua, na mpunga ulifunikwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, potasi ya Ujerumani ilipokosekana sokoni, wataalamu wa kilimo wa Bengal waliupima mmea huo na kuchapisha mwaka 1917 kwamba una potasi nyingi na unafaa kwa mbolea. Serikali hata hivyo ilichukua njia ya amri. Sheria ya Gugu Maji ya Bengal ya mwaka 1936 ilimtaka mwenye ardhi aliondoe, na katika uchaguzi wa 1937 vyama viliahidi kuikomboa Bengal kutoka kwenye gugu hilo. Ni nadra mmea kuingia kwenye ilani za uchaguzi.

Howard aliliona jambo hilo kwa jicho la mtu anayetafuta malighafi. Kwake, sehemu yenye gugu maji tele ilikuwa sehemu yenye mbolea tele iliyokuwa ikielea bila mwenyewe. Njia ya Indore ilijaribiwa Bengal kwa kutumia gugu hilo, na ilifanya kazi, ilimradi linyaushwe kwanza na kuchanganywa na kitu kikavu pamoja na samadi. Wakulima wenyewe nao walikuwa na maarifa yao. Katika maeneo ya mafuriko ya Bangladesh ya sasa, watu hurundika gugu maji hadi liwe tuta linaloelea, wakapanda mboga juu yake, na maji yakishuka tuta lililooza linakuwa mbolea ya bustani. Mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua utaratibu huo kama urithi wa kilimo wa dunia.

Wakazi wa pwani za Ziwa Victoria wanalijua gugu hili bila kuelezwa. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likafikia kilele mwaka 1998, na likapungua sana baada ya mbawakavu wanaolila kuachiwa ziwani kuanzia 1995, ingawa limekuwa likirudi mara kwa mara, hasa katika Ghuba ya Winam upande wa Kisumu. Wapo walioligeuza vikapu, viti na biogesi. Kwa mboji, hesabu ya kwanza ni ya maji. Gugu maji bichi ni maji kwa takriban asilimia 90 hadi 95. Anayepakia tani moja bichi kwenye gari anasafirisha kilo 50 hadi 100 tu za kitu chenye faida, na nauli ya zilizobaki ni ya kubeba ziwa. Ndiyo maana wanaofanikiwa hulinyausha pale pale ufukweni, mbali kidogo na maji lisirudi, na mara nyingi huchimba mashimo karibu na mahali linapovuliwa. Hesabu ya pili ni ya sumu. Gugu hili hunyonya madini mazito kutoka majini, hivyo linalovuliwa karibu na mfereji wa kiwanda au machimbo ya dhahabu halifai kwa bustani ya mboga.

Howard mwenyewe aliwahi kufika Afrika Mashariki. Februari 1933 alipita Kenya katika ziara yake ya kuzunguka Afrika, na kwa bahati tu akakutana na meneja wa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kabete, ambaye alikuwa ametoka kuagizwa na mwenye shamba, Meja Grogan, aanze Njia ya Indore. Howard akashirikiana naye kupanga kazi. Kingatori likawa shamba la kwanza la kahawa kuitumia, na likawa mahali pa wakulima wengine kwenda kujionea. Isisahaulike kwamba hayo yalikuwa mashamba ya walowezi, yenye vibarua wa ujira mdogo wa kubeba, kujaza na kugeuza. Mkulima mwenye ekari mbili, ng'ombe mmoja na mikono ya familia yake hana vibarua hao. Kwake shimo la futi 30 ni kaburi la jasho. Dogo la mita mbili kwa moja na nusu, linalojazwa kila baada ya palizi, linamfaa zaidi, kwani uwiano wa matabaka ndio muhimu kuliko ukubwa.

Miaka ya mwisho ya Howard ilikuwa ya ugomvi. Katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1940, An Agricultural Testament, na kingine cha 1945, alishambulia mbolea za viwandani akisema ndizo mzizi wa magonjwa ya mimea, ya mifugo na hata ya watu. Hapa, bila shaka, alizidisha chumvi. Wanasayansi wenzake walimdai ushahidi ambao hakuwa nao. Majaribio ya miaka mingi katika Afrika yameonyesha kuwa kwenye udongo uliochoka, mboji pamoja na kiasi kidogo cha mbolea ya dukani mara nyingi huzaa kuliko kimoja peke yake, kwa sababu mboji inashika maji na virutubisho ambavyo vingesombwa na mvua. Aidha, mboji ya magugu haiwezi kutoa fosfeti ambayo haimo katika udongo yalikoota. Lakini wapinzani wake nao walimpuuza kupita kiasi, na kwa miaka mingi neno mboji lilionekana kuwa la watu wa kale.

Nchini Marekani, Jerome Rodale alianzisha jarida la kilimo hai mwaka 1942 na kumfanya Howard kuwa mhariri mshiriki. Mahatma Gandhi alikuwa amefika Indore mwaka 1935 kujionea utengenezaji wa mboji. Howard alifariki Blackheath, London, tarehe 20 Oktoba 1947, miezi miwili baada ya India kupata uhuru. Mjane wake Louise alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu kazi zake nchini humo, na taasisi aliyoiongoza Indore ikaja kuwa chuo cha kilimo.